Mbu Anatafuta Nini Mwilini Mwetu?



Mvua zikishaanza kunyesha Kinyangiri na vijiji vingine vya Mkalama, madimbwi hujaa maji na mbu huongezeka. Ndipo watoto wengi hupata homa. Katika familia nyingi utamsikia mtu akisema, "Mbu wananipenda mimi, damu yangu ni tamu." Je, ni kweli? Mwezi huu tuangalie chakula cha mbu na sababu ya kuuma kwake. Tukizijua tabia zake, tutajua pia mahali pa kumzuia.

Mbu hula nini?

Wengi hudhani kwamba kila mbu hula damu. Sivyo. Chakula cha kawaida cha mbu, dume na jike, ni maji matamu ya maua na mimea. Hayo humpa nguvu ya kuruka. Mbu dume haumi kabisa, kwa sababu mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi yetu. Anayeuma ni jike, naye hutafuta damu kwa ajili ya mayai yake, maana damu ina protini ya kuyakomaza.

Mbu anayeeneza malaria huitwa Anofelesi. Jike akishashiba damu hupumzika siku mbili au tatu, mara nyingi ukutani penye giza. Kisha huenda kutaga kwenye maji mayai kati ya 50 na 200, halafu hurudi kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo haumi mara moja tu, bali huuma tena na tena maisha yake yote.

Humtambuaje mtu gizani?

Kwanza hufuata hewa tunayoitoa tunapopumua. Akikaribia, huongozwa na harufu ya ngozi na jasho, pamoja na joto la mwili. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, mkoani Morogoro, walitengeneza mchanganyiko wa kemikali wenye harufu kama ya binadamu. Mwaka 2010 walieleza kwamba mchanganyiko huo uliwavuta mbu wengi kuliko mtu aliyelala katika nyumba nyingine.

Basi jambo si utamu wa damu, kwani mbu hawezi kuionja kabla hajauma. Ni harufu, na harufu hutofautiana mtu na mtu. Ndiyo maana watu wawili wakilala chumba kimoja, mmoja huweza kuumwa zaidi ya mwenzake.

Nani huwavuta mbu zaidi?

Mama mjamzito ni mmoja wao. Uchunguzi uliofanyika nchini Gambia na kutangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wajawazito waliwavuta mbu wa malaria mara mbili zaidi ya wanawake wasio na mimba. Mjamzito hutoa pumzi nyingi zaidi, na mwili wake una joto zaidi.

Wa pili ni mgonjwa wa malaria. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walieleza habari za watoto wenye vijidudu vilivyofikia hatua ya kuweza kumwingia mbu. Watoto hao waliwavuta mbu karibu mara mbili zaidi ya wenzao. Walipotibiwa, tofauti hiyo ilikwisha.

Tuone maana yake. Mbu akimuuma mgonjwa, hunywa damu pamoja na vijidudu. Vijidudu hukua ndani ya mbu kwa muda wa siku 10 au zaidi, kisha huingia katika mate yake. Tangu hapo, kila anapotafuta damu ya mayai mengine huweza kumwambukiza mtu mwingine. Mtoto asiyetibiwa leo ni hatari kwake mwenyewe, na pia kwa ndugu zake na majirani.

Je, mifugo hutukinga?

Wapo Anofelesi wanaostahimili sehemu kavu, ambao hunywa damu ya ng'ombe na ya watu pia. Hao huweza kuuma hata nje, mapema jioni. Kwa hiyo tusilitegemee zizi lililo karibu na nyumba kuwa ndiyo kinga yetu.

Je, mbu huleta UKIMWI?

Hapana. Mbu anapouma hatii mwilini mwetu damu ya mtu aliyemuuma kwanza. Hutia mate yake tu, na mate hupita katika njia yake, tofauti na njia ya damu. Virusi vya UKIMWI haviongezeki ndani ya mbu, bali humeng'enywa pamoja na damu. Vijidudu vya malaria ndivyo vinavyoishi na kukua humo.

Tufanye nini nyumbani?

1. Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, kila usiku. Kama havitoshi, watangulie wajawazito na watoto wadogo.

2. Mgonjwa naye alale ndani ya chandarua. Wengine humwacha nje kwa sababu ya joto la homa. Kumbe huyo ndiye mbu anamtafuta zaidi.

3. Chomeka chandarua chini ya godoro au mkeka, na shona matundu.

4. Jioni mkikaa uani, vaeni nguo zinazofunika mikono na miguu.

5. Fukia madimbwi na mashimo ya matofali yaliyo karibu na nyumba. Anofelesi hupenda maji yaliyotuama, yenye jua.

6. Mtoto akipata homa, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo apimwe. Akionekana ana malaria, amalize dozi yote hata kama amepata nafuu. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, msingoje kuche.

Wapendwa, malaria haichagui nyumba ya mwenye dini wala asiye na dini. Katika jumuiya zetu ndogondogo huwa tunaulizana nani anaumwa ili tumwombee. Tuulizane pia kama amepimwa, kama dawa anazo na kama analala ndani ya chandarua. Kumpenda jirani ni pamoja na kuhakikisha kwamba mbu aliyetoka kwetu hapeleki ugonjwa kwake.