Kiangazi cha Kilombero Kina Maji Yake

Bonde la Kilombero lina kiangazi chenye maji. Masika yakikatika mwezi wa Mei, mto huanza kurudi kwenye kingo zake taratibu, na huku nyuma huacha udongo ulioloa, madimbwi yenye samaki na vijito visivyokauka. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, mkazi wa Ifakara anaweza kula mboga za bustani yake, kupika nje bila kuhofia manyunyu, na kwenda matembezi akarudi siku hiyo hiyo. Raha zote tatu zinatoka kwenye maji hayo yaliyobaki. Anayejua yalipo na yanavyotembea hufaidi msimu. Asiyejua humwaga ndoo kwa ndoo na mchicha ukanyauka vilevile, kisha jioni akaliwa na mbu.

Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Wakati wa masika mito kama Mnyera, Ruhuji, Mpanga na Lumemo huteremsha maji mengi kuliko mto mkuu unavyoweza kubeba, na uwanda mzima hufurika. Ni moja ya ardhioevu kubwa za Afrika Mashariki: mwaka 2002 eneo la karibu kilomita za mraba 8,000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mafuriko yakishapita, misitu ya milimani ndiyo inayoendelea kutulisha. Udongo wake umenyonya mvua ya miezi mingi na sasa unaiachia kidogo kidogo, na ndiyo maana hata Agosti vijito vya Udzungwa vinatiririka.

Bustani: fuata unyevu unapokwenda

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, nimwagilie mara ngapi kwa siku?" Jibu liko ardhini. Chimba kishimo chenye kina cha kiganja, chukua udongo wa chini, ubinye kwa nguvu kisha ufungue mkono. Ukisambaratika papo hapo, mizizi ina kiu. Ukishikana na kuacha alama za vidole, acha ndoo ipumzike hadi kesho. Ukichuruzika maji, hapo panafaa mpunga au magimbi. Nyanya itaoza mizizi.

Udongo mzito wa bondeni hupandisha maji kutoka chini kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta: polepole, lakini mbali. Mchanga hupandisha kwa haraka, ila kimo kifupi tu. Kwa hiyo mwenye kiwanja cha kichanga mjini asiige ratiba ya mwenye kipande cha mfinyanzi karibu na mto. Wa mfinyanzi anaweza kupanda matikiti, maboga na kunde mara maji yanapojitenga na ardhi, akasogea chini wiki hadi wiki kadiri unyevu unavyoshuka. Jirani zetu wa Iringa wanalijua hili siku nyingi kupitia vinyungu vyao vya mabondeni. Wa mchanga achimbe matuta yaliyozama chini ya usawa wa ardhi, achanganye samadi iliyooza vizuri, kisha afunike kwa matandazo.

Matandazo yenyewe Ifakara hayahitaji fedha nyingi. Kwenye mashine za kukoboa kuna vilima vya pumba za mpunga. Pumba huoza taratibu, kwa hiyo hukinga udongo na jua kwa muda mrefu. Zitandaze juu tu, unene wa vidole viwili hivi. Usizichanganye ndani ya udongo zikiwa mbichi, maana vijidudu vinavyozioza hunyang'anya mimea naitrojeni, na mboga zako zitakuwa za njano ukidhani zimekosa maji.

Kwa anayeanza, panda vinavyolipa mapema. Mchicha huvunwa wiki tatu au nne baada ya kusia. Matembele hupandwa kwa vipande vya marando na huchumwa msimu mzima. Bamia huvumilia joto la Septemba ambalo huangusha maua ya nyanya. Mwagilia alfajiri; maji ya mchana hupotea hewani, na ya jioni yana kasoro nyingine nitakayoieleza.

Angalizo kwa walio kando ya mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Ukifyeka matete na kulima hadi ukingoni, masika yajayo yatabeba kipande chako chote, na udongo wako utaishia kwenye mabwawa wanakovua wenzako.

Jiko la nje: mchele mpya na samaki wa kubanika

Mpunga ukiwa bado haujakomaa sawasawa, wenye mashamba hukaanga kiasi na kukitwanga kikawa pepeta, kitafunio cha kuyakaribisha mavuno. Mavuno yakishaingia ndani, huja mchele mpya, na hapa wapishi wengi hupata bokoboko wakalaumu mbegu. Punje mpya bado ina unyevu wake na wanga wake hulainika upesi. Anza na kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kikombe cha mchele, ilhali ule wa mwaka jana huenda ukataka viwili. Maji yakikauka, punguza moto chini, palia makaa juu ya mfuniko, uache wali ujipike kwa mvuke.

Upande wa kitoweo, maji yanaporudi mtoni ndipo kambale, perege, kitoga na mbala wanapopatikana kwa wingi. Kubanika ni kazi ya hatua mbili, na wanaoharibu huruka moja. Pasua kambale mgongoni, toa matumbo, osha, paka chumvi, mlaze juu ya uchanja. Kwanza apate moto wa kutosha nyama iive hadi mfupani. Kisha toa kuni zinazowaka, bakiza kaa na moshi mdogo, na umwache saa kadhaa akauke. Ukianza na moto mkali na kuuendeleza, ngozi huungua na kufunga unyevu ndani. Kesho yake nzi wamekuwahi. Perege ana nyama nyembamba na mafuta machache, hivyo humaliza mapema zaidi. Kambale hutaka subira.

Kuhusu nishati, tukumbuke kuwa tangu 2011 wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Udzungwa hawaruhusiwi tena kuokota kuni msituni. Jiko lililozungushiwa udongo, kuni zilizokauka vizuri na sufuria yenye mfuniko hupunguza mzigo wa kutafuta kuni kwa kiasi ambacho mama mwenye nyumba hukiona ndani ya wiki moja.

Mgeni wa magharibi

Jiko la nje lina gharama yake. Kati ya magharibi na saa ya kulala tuko uani: tunapika, tunakula, tunapiga soga. Chandarua kinatusubiri ndani. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyochipuka kutoka maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, imelichunguza pengo hili kwa muda mrefu. Watafiti wake wamejaribu vipande vya magunia, viti na hata makubazi vilivyotiwa transfluthrin, dawa inayosambaa hewani na kufukuza mbu, na majaribio yakaonyesha watu wanaumwa na mbu mara chache zaidi. Usijitengenezee nyumbani kwa dawa za shambani. Hizo ni sumu nyingine kabisa.

Linalokuhusu wewe mwenye bustani ni hili. Katika bonde letu mbu anayeeneza malaria zaidi ni *Anopheles funestus*, naye hupenda kutaga kwenye maji yanayokaa muda mrefu, yenye majani pembeni. Kiangazi mazalia yake ni machache na yanaonekana kwa macho, kwa hiyo kufukia shimo moja sasa kuna faida zaidi kuliko kufukia moja wakati wa masika. Kishimo cha kumwagilia ulichochimba na kukisahau kinaweza kutoa mbu wazima ndani ya wiki mbili hivi. Kifunike, au fyeka majani ya pembeni na kukikausha kila wiki. Na ile kasoro ya kumwagilia jioni ndiyo hii: inakuweka miguu wazi kwenye majimaji saa ambayo mbu wanaanza kutoka.

Matembezi: nenda uone maji yanakotoka

Kwa siku moja ya mapumziko, panda gari la Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992. Maporomoko ya Sanje huanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu, na njia ya kuyafikia hupita kwenye msitu wanakoishi mbega wekundu na ngolaga, nyani wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na hapatikani popote nje ya Udzungwa. Kuna kiingilio, na unapanda na mwongozaji. Ondoka asubuhi na mapema, vaa viatu vya kushika ardhi, na umwonyeshe mtoto udongo mweusi wa msituni: aufinye kama ule wa bustani. Atajua mwenyewe mahali mvua ya Machi ilipowekwa akiba.

Mwenye nafasi ya jioni tu aende Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa 2018 baada ya miaka mingi ya kuvuka kwa pantoni kwenda Lupiro na Mahenge. Kutoka juu utaona mto ulivyosinyaa, michanga ilivyojitokeza na mitumbwi ya wavuvi. Tazama ukiwa hapo hapo darajani. Kiangazi mamba na viboko hujikusanya kwenye maji yaliyobaki, kwa hiyo ukingoni si pa kuogelea wala kuoshea vyombo vya pikiniki.

Oktoba ikifika ukingoni, anza kufunga msimu. Vuna maboga yaliyokomaa, tenga mbegu za mchicha na bamia kivulini, rudisha samadi kwenye matuta na fukia kila kishimo cha maji. Halafu noa jembe, maana Novemba zamu ni ya mpunga.