Mbuzi Mmoja, Wageni Wengi

Mwaka jana chama chetu kilichanga pesa, tukanunua mbuzi mmoja wa kuwaaga ndugu zetu wa Kidato cha Nne. Nyama ikawa nyeusi nje, ndani damu tele! Wageni wakala ugali na kachumbari tu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kosa letu lilikuwa haraka. Tulibandika nyama moto ukiwa bado unaruka. Makaa hungojwa mpaka yavae jivu jeupe, hapo ndipo joto hutulia. Mafuta yakidondoka na moto ukawaka, isogeze nyama kando. Ukimwaga maji, jivu lote litairukia. Mbavu ni nyembamba, huiva upesi. Paja ni nene na lina mfupa, kwa hivyo huwekwa pembeni likageuzwa polepole, saa nzima au zaidi. Sisi tulivichoma pamoja! Na mbuzi mzee nyama yake ni ngumu, heri kijana.

Chumvi je? Wachomaji wengi huiyeyusha katika maji wakainyunyizia nyama. Viungo chungu nzima vya nini, jamani? Ikiiva, iache itulie kidogo kabla ya kukatwa ubaoni, la sivyo utamu wote humwagikia hapo.

Kwetu Bomeni ugali si lazima. Soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, hujaa ndizi. Chagua mbichi zilizokomaa, zimenye, zichome kando ya mbuzi. Kachumbari ikatwe mwisho, isije ikachujuka.

Mwaka huu tumechanga tena. Makaa nitawasha mimi, na mapema.