Mara Arobaini ya Nini?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangaliziona kamera ndogo za dijitali zenye lenzi ndefu, huenda wangaliongeza kwamba hata kizuri huweza kutembezwa kwa maneno ya kupotosha. Kamera hizi huingia mfukoni mwa koti, na bado humnasa mchezaji aliye ng'ambo ya pili ya uwanja. Ni vyombo vya kusifiwa. Kasoro imo katika neno moja linalobandikwa kwenye vikasha vyake, yaani zumu, na katika tarakimu inayoliandama neno hilo.

Chukua, mathalani, Canon PowerShot SX740 HS iliyotolewa mwaka 2018. Kamera hiyo ilinadiwa kuwa na zumu ya mara 40. Mara 40 ya nini? Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba neno "mara" likitumika hivi ni la ulinganishi, na ulinganishi hudai vitu viwili. Wanunuzi wengi hudhani kwamba kitu kitaonekana karibu mara 40 kuliko jicho lionavyo. La, hasha! Lenzi hiyo, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, huanzia milimita 24 na kukomea 960. Gawanya 960 kwa 24 upate 40. Lakini milimita 24 ni mtazamo mpana unaovifanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo. Wapiga picha wamezoea kuichukua lenzi ya milimita 50 kuwa ndiyo inayokaribiana na mtazamo wa kawaida. Ukigawanya 960 kwa 50 utapata kama 19. Si haba, ila si 40.

Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba neno zumu hutumiwa kwa mambo mawili yasiyo na udugu. Katika jambo la kwanza, vioo vilivyomo ndani ya lenzi husogea, na mwanga wa kile kilicho mbali hutandaa juu ya kihisi kizima, yaani kile kibapa kinachonasa mwanga badala ya filamu. Katika la pili, lenzi huwa imekwisha kufika kikomo chake. Kompyuta iliyomo ndani ya kamera hukata kipande cha katikati cha picha na kukitandaza kijaze nafasi. Kamera yenye pikseli milioni 20 ikifanya hivyo kwa mara 4, hubakiwa na sehemu moja tu katika 16, yaani pikseli milioni 1.25. Zinazojazia pengo hilo hukisiwa na kompyuta.

Anayetaka kuielewa tofauti hii na azuru Soko la Burma, mashariki mwa Nairobi, karibu na mtaa wa Kaloleni. Ni soko maarufu kwa nyama, na jina lake latukumbusha vita walivyopigana askari wa Afrika Mashariki huko Burma mwaka 1944 na 1945. Mnunuzi mwenye nusu kilo akitaka kilo mbili, muuza nyama hana budi kukata minofu mingine na kuiongeza kwenye mizani. Hayupo mteja atakayekubali nusu kilo yake ikatwekatwe vipande vidogo vidogo, itandazwe kwenye sinia pana, kisha aambiwe kwamba sasa ni kilo mbili. Sinia litajaa, lakini mizani haitasogea. Basi zumu ya lenzi huongeza nyama. Zumu ya kompyuta hutandaza ile ile iliyokuwapo.

Simu nazo hazikusalimika. Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 ilinadiwa kwa mara 100, ilhali lenzi yake ndefu kabisa hufika mara 10. Masafa yaliyosalia ni kazi ya programu.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Kiingereza hutofautisha mambo haya mawili kwa vivumishi, na muuzaji hodari huvidondosha vivumishi hivyo akabaki na tarakimu kubwa. Kiswahili hakina haja ya kuurithi utata huo, kwa kuwa vitenzi tunavyo. Tangu zamani studio zetu za picha "zimekuza" picha ndogo ziwe kubwa za kutundikwa ukutani, na kila mtu alijua kwamba kukuza huko hakukuongeza hata unywele mmoja kwenye kichwa cha aliyepigwa picha. Kwa hiyo, tuseme kwamba lenzi huvuta na kompyuta hukuza. Mnunuzi akishayatenganisha maneno haya, atauliza: inavuta mara ngapi, na inakuza mara ngapi?

Swali hilo si la anasa. Chama cha uanahabari shuleni kinaponunua kamera, hutumia fedha zilizochangwa kwa taabu. Na hata mvuto wa kweli una gharama zake. Tundu la lenzi niliyoitaja hupungua kutoka f/3.3 hadi f/6.9 lenzi inaponyooshwa kabisa, hivi kwamba mwanga unaoingia haufiki hata robo ya ule wa mwanzo. Aidha, kutikisika kidogo kwa mkono huwa dhahiri pichani. Mwanafunzi anayempiga picha mchezaji jua likitua sharti aegemee nguzo, au asogee karibu zaidi kwa miguu yake.

Walimu wenzangu, msamiati si wa kukaririwa kwa ajili ya mtihani peke yake. Wapeni wanafunzi tangazo moja la kamera au simu, wapigie mstari kila neno "mara", kisha waandike kando yake kinacholinganishwa na kinacholinganishiwa. Pale watakaposhindwa kukiandika, watakuwa wamegundua mahali ambapo mwenye tangazo alificha mizani.