Mwendeshaji bodaboda atahiniwe kwa lugha anayoielewa

Atakayesimama asubuhi kwenye njia za Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa Nairobi, ataona pikipiki zikipenya penye msongamano: hii imepakia mtungi wa gesi, ile imebeba wanafunzi watatu waliovalia sare. Aghalabu waendeshaji wake ni vijana walioketi madarasani mwetu juzi tu. Kwa hivyo suala la leseni zao ni letu sisi walimu kama lilivyo la polisi.

Neno bodaboda lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, wakati wenye baiskeli walipovusha abiria na mizigo baina ya Kenya na Uganda wakinadi kazi yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa ziada wa thamani kwa pikipiki ndogo, baiskeli iliipisha pikipiki, na kazi hiyo ikatapakaa nchini kote.

Tangu hapo sheria imekuwa ikiifukuzia biashara hii kwa nyuma. Mwaka wa 2012 ilipitishwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, maarufu kama NTSA. Kanuni za mwaka wa 2015 zikasisitiza leseni halali, helmeti, koti la kuakisi mwanga na abiria mmoja tu. Mwaka wa 2017 kadi ya kielektroniki ilianza kuchukua nafasi ya kile kijitabu chekundu, na mwaka wa 2020 zikaja kanuni mpya za shule za udereva. Herufi F na G za zamani zimepisha makundi matatu: A1 kwa pikipiki ndogo kabisa, A2 kwa pikipiki ya kawaida, na A3 kwa anayebeba abiria au vifurushi kwa malipo, pamoja na mwenye chombo cha magurudumu matatu.

Mgawanyo huo una busara, kwani kujibeba ni jambo moja na kubeba roho ya mwenzako ni jambo jingine. Hata hivyo, Sheria ya Trafiki na kanuni zake zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Wapo watakaodai kwamba kila aliyemaliza shule anakijua Kiingereza. Kukariri jibu la mtihani si kuelewa. Chukua ile alama ya pembetatu iliyopinduliwa. Anayetafsiri maneno yake moja moja atasema "toa njia", kauli isiyomwelekeza mtu popote. Kiswahili kina kitenzi timamu: kupisha. Ukimwambia kijana "mpishe aliye katika barabara kuu", amejua nani asubiri na nani atangulie, tena amekumbushwa adabu aliyofunzwa nyumbani.

Sikatai kwamba lugha si kikwazo cha pekee. Mwenye kukodi pikipiki hudaiwa hesabu na tajiri wake kila jioni. Siku ya darasa kwake ni siku ya njaa. Ada nazo ni mzigo. Lakini akijinyima na kulipa, basi ni haki yake atoke na maarifa, si kadi tu.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwongozo wa barabara wa Kiswahili fasaha na chepesi umfikie kila mwanagenzi, na haki ya kutahiniwa kwa Kiswahili, kwa maandishi na kwa mdomo, ielezwe wazi. Pili, sisi walimu wa lugha tuzitumie kanuni hizi katika ufahamu na utungaji. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini abiria ni mmoja tu ndiye atakayekataa kupakiwa akiwa wa tatu.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Ile inayotokana na kutoelewa ina kinga, nayo huanzia darasani.