Kisanduku cha barua pepe si daftari la kazi

MUUZAJI wa kahawa nje ya nchi anaweza kuwa na mzigo safi, bei nzuri na mnunuzi mwaminifu, bado akapata hasara kwa sababu ya barua pepe moja aliyoisoma, akaiweka kando na kuisahau.

Chukua mfano wa muuzaji wa Moshi anayelipwa kwa LC, yaani dhamana ya malipo kutoka benki ya mnunuzi. Mzigo umepakiwa melini tarehe 3. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 1, 2007, hati halisi za shehena zinatakiwa kufikishwa benki ndani ya siku 21 baada ya kupakia, kama LC yenyewe haikutaja muda mwingine. Mwisho wake ni tarehe 24.

Tarehe 8 wakala wa meli anatuma nakala ya hati kwa barua pepe, akitaka ihakikiwe kabla ya kutoa ile halisi. Siku hiyo hiyo zinaingia barua nyingine 40. Nakala ikikumbukwa tarehe 25, benki ina haki ya kukataa kulipa. Mnunuzi naye, ikiwa bei ya kahawa katika soko la New York imeshuka, amepata mwanya wa kudai punguzo.

Mfanyabiashara huyo si mvivu. Kosa lake ni kukitegemea kisanduku cha barua pepe kimkumbushe kazi.

Tarehe mbili tofauti

Kisanduku hupanga barua kwa tarehe ya kuingia, lakini biashara huendeshwa kwa tarehe ya mwisho. Barua ya juu yaweza kuwa tangazo la hoteli, na ya 63 ikawa ndiyo yenye fedha.

Tatizo hilo lilikua baada ya Aprili 2004, Gmail ilipoanza kutoa nafasi ya gigabaiti 1 bure, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2. Watu wakaacha kufuta barua, na kisanduku kikageuka ghala lisilo na mtunza stoo.

Wadai na wadaiwa

Dawa yake kila mwenye duka anaijua. Ankara haiachwi mezani ikingoja kukumbukwa. Huingizwa kwenye daftari. Barua pepe nayo ifanyiwe hivyo hivyo.

Kisanduku kifunguliwe kwa saa maalumu, mathalani asubuhi, mchana na jioni. Kila barua iamuliwe papo hapo. Isiyo na kazi ifutwe au ihifadhiwe. Ya kujibiwa haraka ijibiwe. Mmarekani David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 cha Getting Things Done, aliweka kipimo cha dakika 2. Inayomhusu msaidizi akabidhiwe. Yenye kazi kubwa iandikwe kwenye daftari au kalenda ya simu, pamoja na tarehe yake ya mwisho.

Baada ya hapo mafaili mawili yanatosha. La kwanza ni "Kufanya", mahali pa wadai: kazi ambazo wengine wanamdai mfanyabiashara. La pili ni "Nasubiri", mahali pa wadaiwa: profoma iliyoombwa China, majibu ya wakala wa forodha, uthibitisho wa benki. Faili hili ndilo husahaulika zaidi, kwa kuwa asiyejibu hatumi barua ya kujikumbusha. Lipitiwe kila Ijumaa, na aliyechelewa apigiwe simu.

Tarehe za kudumu hazihitaji kungoja barua. Ritani za VAT nchini Tanzania, kwa mfano, huwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ziandikwe mapema kwa mwaka mzima.

Mwenye hisa chache naye hajasalimika. Kampuni inapouza hisa mpya kwa wanahisa wake, dalali huweza kutuma taarifa kwa barua pepe. Asiyejibu kabla ya siku ya kufunga hupoteza nafasi hiyo, na sehemu yake katika kampuni hupungua.

Si kila barua ya kuharakishwa

Aina moja ya barua haifai kujibiwa kwa dakika 2: ile inayodai kuwa muuzaji amebadili akaunti ya benki. Matapeli huingia katika mawasiliano ya watu na kuandika kwa jina la muuzaji yule yule. Barua hiyo iwekwe kwenye "Kufanya", na malipo yasitoke mpaka muuzaji apigiwe kwa namba ya zamani iliyozoeleka, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Utaratibu huu hauhitaji programu ya kununua. Unahitaji daftari moja na nidhamu ya kila siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; siku hizi habari yenyewe huwa imefika, ila imelala kwenye kisanduku.