Mvuvi Akiulizwa, Atasema Kweli?

Mji wa Ntimaru nchini Kenya hauna ufuo, lakini omena wanaouzwa sokoni humo hutegemea sheria za Ziwa Victoria. Moja ni ile ya Kenya ya kufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Je, inafuatwa?

Tangu mwaka 2000, Kenya, Uganda na Tanzania hufanya sensa ya uvuvi ikiratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), lenye makao yake Jinja. Makarani hupita ufuo kwa ufuo, Muhuru Bay, Sori, Mbita na kwingineko, wakihesabu mashua, injini, nyavu na ndoano. Hesabu hiyo huonyesha ziwa linavuliwa kwa nguvu kiasi gani. Haielezi kwa nini mtu anayejua kuwa wavu wa mbuta wa matundu chini ya inchi tano ni haramu bado huutega usiku. Jibu analo mvuvi.

Ila ni mvuvi yupi? Mwenye mashua aweza kustahimili miezi minne ya kufungwa; kibarua wake, anayelipwa kwa mavuno ya siku, hawezi. Akina mama wachuuzi nao wana yao. Ndiyo maana, katika utafiti wa kuwahoji, majina huchaguliwa kwa kura kutoka kila kundi katika daftari la kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU), badala ya kumhoji mwenyekiti peke yake.

Kizingiti kikubwa ni hofu: nani atakiri kosa mbele ya karani? Mwaka 1965, mwanatakwimu Stanley Warner alibuni njia ya kumkinga anayehojiwa kwa kutumia bahati. Katika namna mojawapo iliyofuata, mvuvi huulizwa kama hutumia wavu haramu, kisha hurusha dadu kwa siri. Ikija moja, hujibu “ndiyo”. Ikija sita, “hapana”. Nyingine zote, husema ukweli. Tuseme wamehojiwa 120, na 60 wakasema “ndiyo”. Kwa wastani, 20 kati yao wamesemeshwa na dadu. Wanabaki 40 kati ya 80 waliojibu kweli, yaani nusu hutumia wavu haramu, na hakuna aliyejulikana.

Nusu ya wavuvi wakivunja sheria, kuongeza doria pekee hakutoshi. Huenda kibarua anahitaji kipato kingine msimu ukifungwa. Maswali yaleyale yakirudiwa mwaka unaofuata ndipo itajulikana kama kumpa kipato hicho kumefaa.