Jengo Kubwa Lisiloila Bustani

Kazi ngumu kuliko nyingi katika usanifu majengo ni kuweka jumba la michezo la maelfu ya watu ndani ya bustani ya umma. Watu huenda bustanini kufuata miti, nyasi na hewa. Jumba nalo hudai kuta ndefu, maegesho na njia za malori. Mara nyingi jumba hushinda, na bustani ikabaki ua wa mbele tu.

Munich, Ujerumani, waliliepuka hilo. Kwa Olimpiki ya 1972, msanifu Günter Behnisch na wenzake walipewa Oberwiesenfeld, uwanja wa zamani wa ndege, ardhi tambarare yenye lundo kubwa la kifusi cha nyumba zilizobomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Lundo hilo halikuondolewa. Liligeuzwa kilima cha kijani. Mfereji uliopita hapo ukapanuliwa kuwa ziwa, na mtaalamu wa mandhari Günther Grzimek akapanga miteremko, njia na nyasi ambazo watu waliruhusiwa kuzikanyaga.

Sehemu kubwa ya viti vya uwanja mkuu imelazwa kwenye bonde lililochimbwa. Mtazamaji huingia kwa juu, usawa wa nyasi, kisha hushuka hadi kwenye kiti chake. Hebu fikiria jengo la kimo cha mita 30: likizamishwa mita 20, anayepita nje huona mita 10 tu, chini ya miti mingi iliyokomaa. Udongo uliochimbwa nao hutumika kujenga miteremko ya pembeni. Lakini bonde hukusanya mvua, kwa hiyo mifereji ya kutolea maji lazima ichorwe mapema, kabla hata ya ngazi na viti.

Kisha paa. Kwa msaada wa Frei Otto, wavu wa nyaya za chuma ulitundikwa kwenye milingoti na kufunikwa kwa vigae vya akriliki vinavyopitisha mwanga. Paa hilo linafunika karibu mita za mraba 75,000: jukwaa la uwanja, ukumbi na bwawa la kuogelea, na kati ya majengo hayo bustani inapita bila kukatwa. Gharama zilipita makadirio kwa mbali, na lawama zikawa nyingi. Kwangu mimi, ilistahili.

Afrika Mashariki inaukumbuka uwanja huo kwa John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi kwenye michezo hiyo kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati huo. Klabu ya soka ya Bayern Munich, iliyokuwa ikichezea hapo, ilihama mwaka 2005, lakini wenyeji bado wanaogelea pale na kupanda kile kilima, kwa sababu bustani ilitengenezwa kwa ajili ya siku zisizo na mechi.

Basi halmashauri ikikuonyesha picha za rangi za jumba litakalojengwa kwenye bustani yenu, omba mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo na ardhi kwa ubavu. Kama ardhi humo ni mstari mmoja ulionyooka, pinga mapema, kabla mti wa kwanza haujakatwa.